Usiku wa Jumanne

Kinondoni,
4 Septemba 1995

Binti yangu Hamisa,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuichukua tarehe iliyoandikwa juu ya ankara, kuongeza siku thelathini, halafu kwenda kudai. Na wewe umelifanya. Usione haya. Niliwahi kufundisha utunzaji wa hesabu kwa watu wazima waliokuwa wakiendesha maghala ya shirika zima, na wao walilifanya mpaka siku ya mtihani.

Nimeisoma barua yako mara mbili ili nisikujibu ovyo. Naona ankara ya mashuka na foronya uliiandika tarehe 29 Julai, mlipokuwa bado mnashona. Ukahesabu siku thelathini, ukafika 28 Agosti, ukavaa vizuri, ukatoka Tandika mpaka Kunduchi. Pale hotelini binti wa uhasibu akakugeuzia kioo cha kompyuta, ukaona imeandika kwamba utalipwa 30 Septemba. Sasa unaniuliza: "Mwalimu, hii mashine inahesabu au inaiba?"

Inahesabu. Tazama mstari mdogo ulio chini ya ankara yako, ule ambao hoteli ilikuambia uuandike: malipo siku thelathini baada ya mwisho wa mwezi wa kupokea mzigo. Ukiusoma polepole utaona kwamba tarehe ya ankara haimo kabisa. Kompyuta inataka kujua kitu kimoja, nacho ni siku mzigo ulipopokelewa. Ikishaambiwa, inakwenda mbele mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, inasimama hapo, ndipo inaanza kuhesabu thelathini zake. Kwa hiyo aliyepeleka mzigo tarehe tano na aliyepeleka tarehe ishirini na tano wanalipwa siku moja. Ni kama treni ya bara. Aliyefika stesheni asubuhi na aliyefika dakika ya mwisho wanaondoka pamoja, lakini aliyekuta imeondoka anangoja safari nyingine.

Umeniandikia kwamba mzigo wako ulipokelewa usiku wa Jumanne. Nimetazama kalenda ya ukutani. Jumanne hiyo ni tarehe mosi Agosti. Basi umeingia Agosti. Mwisho wa Agosti ni tarehe 31, ongeza siku thelathini, unafika 30 Septemba. Kompyuta haikukuonea. Mzigo ungefika siku moja tu kabla, ungekuwa wa Julai, na leo ungekuwa na cheki yako mkononi. Inauma, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Najua kinachokuchoma zaidi ni Mwinshehe. Ulichukua kwake majora ya kitambaa kwa mkopo, ukamwekea rehani cherehani zako nne, ukamwahidi mwisho wa Agosti. Najua pia kwamba bila cherehani hizo hakuna duka. Tangu mitumba iruhusiwe hakuna mtu wa kushonesha gauni, na kazi za hoteli ndizo zinazokuweka mjini. Nenda kwake mwenyewe, usimtume mtu. Mwombe mwezi mmoja. Mtajie tarehe 30 Septemba bila kusitasita, na ukipenda mwonyeshe barua hii.

Kunduchi usirudi kubishana. Yule binti wa uhasibu anaitwa Demetria, nilimfundisha darasa la jioni mwaka mmoja baada yako. Ni mtu makini, na kumgombeza hakutasogeza tarehe.

Mguu wangu bado hauniruhusu kufika huko. Nisalimie mafundi wako.

Wako,
Mwalimu Adelard


Tandika, Temeke,
9 Septemba 1995

Shikamoo Mwalimu wangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma kwa sauti mbele ya Shamimu na Nusaiba wakiwa kwenye cherehani. Nilipomaliza Shamimu akasema, "Dada, huyu mzee akikueleza hata msiba utaona una utaratibu." Usimkasirikie, ndivyo alivyoumbwa. Ila nimeelewa. Kwa mara ya kwanza nimeielewa ile sentensi ndogo ambayo nimekuwa nikiiandika chini ya invoisi kama dua ya Kiarabu, naisema tu bila kujua maana.

Kwa Mwinshehe nimekwenda mwenyewe kama ulivyoniagiza. Nilimkuta Kariakoo mbele ya duka lake anakunywa kahawa, gari la kampeni linapita na maspika yake, hata salamu ilibidi tupigiane kelele. Nikampa barua yako. Akaisoma, akaigeuza nyuma aone kama kuna kingine.

"Hamisa, mie nimekupa kitambaa, wewe unaniletea karatasi."

"Karatasi ya Mwalimu wangu hiyo."

"Mwalimu analipa?"

"Mwalimu anahesabu."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. "Haya bibie, thelathini Septemba. Ikifika mosi Oktoba usiniletee mwalimu mwingine." Basi amekubali. Mengine yetu mie na yeye tuliyamaliza palepale, hayana uzito wa kukuandikia.

Ila umenitia uchungu ulipoandika siku moja tu kabla. Siku gani, Mwalimu! Ilikuwa nusu saa. Mgawo wa umeme ulitukuta saa nane mchana, cherehani zote za umeme zikalala, pindo za mwisho tukazimalizia kwa mkono, sie watatu tumekaa chini kama tunachambua mchele. Tungefika Kunduchi jua halijazama, ningekuwa wa Julai. Nilifika magharibi inaadhiniwa. Twaha, bwana stoo wao, mwenyeji wa hapohapo, alishatia funguo mlangoni. Akaniambia, "Mama, una bahati, kesho tunahesabu mali, hapokelewi mtu." Akafungua, akahesabu mashuka, akaandika kwenye hati ya delivari, akasaini. Nikarudi nyumbani nashukuru. Kumbe jua lenyewe ndilo lililoniibia mwezi mzima.

Sasa sigombani na mtu. Kunduchi siendi. Nasubiri tarehe yangu kama ulivyosema.

Mwanao,
Hamisa


Kinondoni,
18 Septemba 1995

Hamisa,

Malaria ilinilaza juma zima, na barua yako ilikaa mezani bila kufunguliwa. Nimeifungua leo asubuhi. Kuna mstari nimeurudia mara nyingi: tungefika jua halijazama, ningekuwa wa Julai.

Sikuelewi. Kama mzigo ulifika Jumanne tarehe mosi Agosti, basi hata ungefika Jumanne hiyo asubuhi, au adhuhuri, ungekuwa wa Agosti vilevile. Jua linaingiaje hapo?

Nijibu jambo moja tu. Siku ile mlipoamka asubuhi kwenda kushona, kabla umeme haujakatika, ilikuwa siku gani ya juma?

Mwalimu Adelard


Tandika,
20 Septemba 1995

Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa malaria. Ungeniambia ningekuletea uji.

Ilikuwa Jumatatu. Ingekuwa siku gani nyingine?

Mwalimu na wewe! Usiku wa Jumanne si ndio huo, unaoingia Jumatatu jua likizama, ukaamkia Jumanne? Sie kwetu siku inaanza na usiku wake. Usiku wa Ijumaa tunasoma Yasini Alhamisi jioni, toka bibi yangu hajavunja ungo. Nyie watu wa bara usiku mnauweka mkiani, mchana ukishawachosha ndio mnaukumbuka. Nimemwambia Shamimu swali lako, kaangua kicheko. Anauliza: kwenu mtu akifa Jumatatu saa mbili usiku, mnamzika na Jumatatu ipi?

Mie uliponieleza kwamba kompyuta imeniweka Agosti, nilidhani nayo inahesabu hivyohivyo, jua limezama, mwezi umeingia. Na wewe uliponiandikia ukasema tarehe mosi, nikaona ndiyo hiyohiyo, hata Mwalimu kasema. Kwa kalenda ya ofisini basi mzigo wangu ulifika tarehe 31 Julai?

Basi mie ni wa Julai!

Mwalimu, nimesimama kuandika hii, siwezi kukaa. Kwa hesabu yako mwenyewe ya treni, mie nilishapanda. Nilitakiwa kulipwa tarehe 30 Agosti. Niambie kuna heri. Niende Kunduchi au utamwandikia yule Demetria wewe? Wewe atakusikiliza.

Nangoja,
Hamisa


Kinondoni,
21 Septemba 1995

Kwa Bi Demetria,
Idara ya Uhasibu

Mwanangu Demetria,

Najua una kazi nyingi, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Mnayo ankara ya Hamisa wa Tandika, ya mashuka na foronya. Hati ya kupokelea mzigo iliandikwa na bwana stoo wenu, Twaha. Naamini hakuandika tarehe, aliandika "usiku wa Jumanne," nawe ukatazama kalenda ukaingiza tarehe mosi Agosti. Sikulaumu. Nami nilipoandikiwa maneno hayohayo nilifanya vilevile, na nimekaa mji huu tangu kabla hujazaliwa.

Watu wa pwani wanaposema usiku wa Jumanne wanakusudia usiku unaotangulia Jumanne, yaani Jumatatu baada ya jua kuzama. Twaha ni mwenyeji wa Kunduchi. Alipoandika hivyo, alikuwa anapokea mzigo Jumatatu jioni, tarehe 31 Julai. Katika mwezi mwingine tofauti hiyo ingekuwa ya siku moja tu, wala tarehe ya malipo isingebadilika. Hapa ilipita juu ya mpaka wa mwezi, na masharti yenu yakaigeuza kuwa mwezi mzima.

Sikuombi fadhila. Nakuomba umwulize Twaha, kisha uirekebishe tarehe ya kupokea iwe 31 Julai. Tarehe ya malipo usiishughulikie, programu yenyewe itairudisha 30 Agosti. Mama huyu ameweka rehani cherehani zake, na mwenye rehani anangoja mwisho wa mwezi huu.

Mwalimu wako,
Adelard


Kunduchi,
25 Septemba 1995

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Leo asubuhi, kabla sijakujibu, nilishuka stoo nikamwekea Twaha ile hati mbele yake.

"Hii Jumanne ni ipi?"

Akanitazama kama nimemwuliza jina la mama yake. "Usiku wa Jumanne, sista. Jumatatu jioni."

"Sasa kwa nini hukuandika Jumatatu?"

"Jumatatu ilishakwisha!"

Wapagazi wakacheka. Mimi sikuweza.

Ni kama ulivyosema. Mimi ni mtu wa Songea, kwetu usiku unafuata mchana wake. Nilifungua kalenda, nikaingiza tarehe mosi Agosti. Sehemu ya tarehe ya malipo hatuiandiki sisi, programu inaijaza yenyewe. Nilipobonyeza ikatokea 30 Septemba, nikaendelea na ankara nyingine.

Sasa nakueleza jambo ambalo Hamisa halijui, na sisi tuliambiwa tusilitoe nje. Hoteli imeuzwa. Shirika la umma linaloimiliki linakabidhi tarehe 30 ya mwezi huu. Mwanzoni mwa mwezi lilikuja agizo: wadai ambao siku yao ya kulipwa ilifika 31 Agosti au kabla yake walipwe na shirika, na wote wa baada ya hapo waende kwa mfilisi, yule anayewagawia wadai mabaki ya mali. Hakuna aliyekaa kuwachagua. Kompyuta iliambiwa ipange kwa tarehe ya malipo, ikachapa orodha mbili. Hiyo ilikuwa tarehe 15 Septemba. Wa orodha ya kwanza wameshachukua cheki zao, hata mama anayetuletea mchicha. Hamisa yumo katika orodha ya pili.

Siku hiyohiyo Julai na Agosti zilifungwa katika programu, na wakaguzi wakaondoka na diski. Leo nimejaribu kubadilisha ile tarehe. Kioo kinasema kipindi kimefungwa. Nikaichukua hati, nikampelekea mkaguzi aliyebaki hapa, nikamweleza habari ya usiku na jua kama ulivyonieleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Dada, mimi nimekabidhiwa orodha. Jua sikukabidhiwa."

Kwa mfilisi inatangulia kodi, inafuata benki, halafu mafao yetu wafanyakazi, halafu ndio wauzaji. Nimeziona hesabu kwa sababu nilizichapa mimi. Fedha inakwisha kabla ya kufika kwetu, sembuse kwao. Ijumaa hii ni siku yangu ya mwisho kazini.

Kinachonisumbua ni hiki. Kuanzia tarehe 28 Agosti mpaka 15 Septemba ningeweza kuirekebisha ile tarehe kwa vidole viwili. Angerudi akaniambia "nilileta Jumatatu" tu, yangekwisha. Wauzaji wote wenye malalamiko walirudi, wengine kila siku. Nilishangaa yeye peke yake hakurudi.

Naomba umweleze wewe. Mimi sina uso.

Mwanafunzi wako,
Demetria


Tandika,
1 Oktoba 1995

Shikamoo Mwalimu,

Hukunijibu, nami kimya chako nikakifanya heri. Nikasema, Mwalimu akiwa na baya anaeleza kurasa tatu, akinyamaza ujue mambo yamekaa sawa, hana la kueleza.

Jana nilikwenda Kunduchi. Langoni kuna askari mgeni, ananiuliza nina miadi na nani. Nikasema Demetria. Akasema hakuna Demetria hapa. Nikasema Twaha wa stoo. Akasema, "Mama, hapa hakuna wa zamani hata mmoja, labda paka." Nikamwonyesha invoisi yangu. Akaisoma, maskini, alikuwa mtu mwema, akasema, "Hii ni ya wale walioondoka." Nikakaa kwenye ukingo wa barabara mpaka adhuhuri. Kwa ndani niliona kamba ya kuanikia, na mashuka yangu juu yake. Niliyajua kwa pindo, zile tulizomalizia kwa mkono zinapinda kidogo.

Sasa nikwambie na lile ambalo sikukwambia. Siku ile ya kahawa Mwinshehe hakukubali bure. Alichukua cherehani mbili, akasema zikae kwake zisishike vumbi. Sikukuandikia kwa sababu barua yako ilikuwa na uhakika mno, nikaona nitakuvunja moyo. Jana alasiri alikuja na mkokoteni kuchukua mbili zilizobaki. Hakunitukana. Alisema, "Hamisa, ningekuwa na mteja wa kitambaa hata mmoja, ningekungoja." Yeye mwenyewe anauza mitumba sasa, jora halitoki.

Shamimu na Nusaiba hawajui. Cherehani nimewaambia zimekwenda kwa fundi kusafishwa, na cheki nimewaambia inasainiwa, mkubwa mmoja tu ndiye hajarudi safari. Kila asubuhi wanakuja, wanafagia, wanakaa. Nusaiba ameshakopa unga kwa kuitegemea hiyo cheki. Shamimu ameitwa na mwenye karakana moja Chang'ombe, anatafuta mafundi wawili wa sare za shule, mwisho Jumatano jioni. Kakataa. Kaniambia, "Dada, tumekaa na wewe kwenye mgawo wa umeme, tukuache leo hela iko mlangoni?" Nikamwambia ahsante.

Mwalimu, nihesabie tena. Mie nakuamini. Labda kuna namna nyingine ya kuhesabu, labda inaangaliwa tarehe ya invoisi, labda tarehe ya kitu kingine ambacho mie sikukisoma darasani. Nihesabie polepole kama zamani.

Hamisa


Kinondoni,
3 Oktoba 1995

Hamisa, mwanangu,

Nimehesabu tena. Hakuna namna nyingine.

Ulikuwa mdai wa tarehe 30 Agosti, na ulistahili kulipwa. Hoteli iliuzwa. Waliowekwa kabla ya mwisho wa Agosti wamelipwa, waliowekwa baada ya hapo wamepelekwa kwa mfilisi, na wewe uliwekwa huko kwa sababu ya maneno matatu ambayo Demetria aliyasoma kibara. Orodha ilichapwa tarehe 15 Septemba, vitabu vikafungwa. Amejaribu kuvifungua, ameshindwa. Mfilisi atakuandikia. Jaza karatasi zake na umrudishie, lakini usikope hata kibaba cha unga kwa kumtegemea. Fedha haitakufikia.

Haya niliyajua tangu Jumatano iliyopita. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta maneno ya kuyaeleza yasiumize, na kwa kunyamaza kwangu nimekufanya usafiri bure mpaka langoni.

Kuna lingine. Demetria anasema angeweza kuirekebisha tarehe hiyo wakati wowote kabla ya tarehe 15, kama ungerudi kubishana. Ulitaka kurudi. Mimi nilikuandikia usirudi. Nilikueleza masharti, mwisho wa mwezi na siku thelathini, yote sawasawa, na sikukuuliza usiku wa Jumanne ni upi. Hesabu yako ya kwanza, ambayo niliita kosa la watu wengi, ilikosea kwa siku mbili. Yangu ilikosea kwa mwezi.

Ningependa sasa kukueleza jinsi ya kuandika tarehe kwenye hati ili jambo hili lisitokee tena. Sitakueleza. Huna hati ya kuandika, na maelezo yangu yameshakuchukulia vya kutosha.

Cherehani siwezi kuzirudisha. Pensheni yangu haijatoka tangu Juni, na hata ingetoka isingenunua moja. Mwinshehe simlaumu, nawe usimlaumu.

Barua hii nimempa jirani anayeshuka Temeke asubuhi hii, nikamsihi akupe mkononi. Itakukuta wakati Shamimu na Nusaiba wameshafagia, wamekaa. Nafasi mbili za Chang'ombe zipo mpaka kesho jioni. Usiwaambie mkubwa hajarudi safari. Usiwaambie wavumilie. Waambie leo, kwa mdomo wako, kwamba cheki haipo na kazi imekwisha, waende Chang'ombe.

Adelard